Mtego wa Fuko Haushiki: Dalili, Chanzo na Marekebisho

Mche wa kiazi uliokuwa wima jana jioni leo umelala. Ukiuvuta unakuja mkononi bila kubisha, shina limekatwa chini, na pale palipokuwa na viazi pana tundu la kuingiza ngumi. Huku Molo, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, na vilevile Elburgon, Njoro, Mau Narok hadi Kuresoi, hakuna mkulima asiyejua ni kazi ya nani. Mtego pia tunao, ule wa ufito uliopindwa, waya na kamba ya katani. Wengi wameutega mara mbili tatu, ukakosa, wakautupa nyuma ya choo na kwenda kutafuta sumu.

Nimetega kwa miaka mingi, katika viazi vyetu na karoti za majirani, na karibu kila mtego nilioitwa kuutazama ulikuwa mzima. Kilichokosewa kilikuwa mahali, au kipimo cha vidole viwili vitatu. Na kila mara fuko mwenyewe alikuwa ameacha maelezo kwenye udongo, ila hakuna aliyeyasoma.

Kabla ya dalili, tuelewane juu ya jambo moja, kwa sababu bila hilo mengine yote hayashiki. Fuko haji mtegoni kula. Anakuja kufunga mlango. Huishi peke yake, kila mmoja na mahandaki yake, na ndani ya mahandaki hayo ana kiota anacholalia na kuwekea akiba ya chakula. Ukimfungulia njia, hewa na mwanga vikaingia, atakuja kuona kuna nini, kisha atarudi kuchukua udongo wa kuziba. Mtego unamngoja katika safari hiyo. Ndiyo maana sihangaiki na chambo cha karoti wala kiazi kitamu. Tundu lenyewe ndilo chambo.

Mtego ninaouzungumzia umejengwa hivi. Paa ni kipande cha mkebe wa mafuta ya kupikia, kimepindwa kama mgongo wa kobe, urefu shibiri moja, na kimetobolewa matundu mawili kwa juu. Tundu la upande wa ndani linapitisha waya wa kitanzi. Tundu la upande wa nje linapitisha uzi wa katani, ambao unashuka katikati ya njia na kufungwa kwenye kigingi kilichopigwa sakafuni. Juu, vyote viwili vimefungwa kwenye ncha ya ufito uliopindwa. Uzi ndio unaouzuia ufito usiinuke, na waya umelegea kidogo. Fuko akija kutoka ndani anapita kwenye kitanzi bila kujua, anakuta uzi umemziba, anaukata kwa meno, ufito unaruka na kitanzi kinambana dhidi ya bati. Unapoupinda ufito, weka uso wako kando. Nimeona mtu akipigwa jicho.

Mtego umekaa siku tatu, haujaguswa

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na mara nyingi chanzo chake ni kimoja: umetega nyumba isiyo na mtu. Handaki la fuko hubaki wazi muda mrefu baada ya mwenyewe kuhama au kufa, na rundo la udongo juu yake halikuambii lolote ukilitazama kwa mbali.

Guka wangu, yaani babu, alikuwa haanzi kutega kabla ya kuingiza mkono. Alifungua njia, akalala kifudifudi kwenye unyevu ule, akapapasa ukuta kwa vidole huku amefumba macho. Kisha ananiambia, "Weka mkono wako, mjukuu wangu." Njia inayotumika ina ukuta laini, umebanwa ukateleza kama chungu kilichosuguliwa, na ni baridi. Njia iliyoachwa ina utando wa buibui, ina vijizizi vyeupe vilivyokatiza katikati, na udongo wa dari unadondoka ukiugusa. Mizizi ndiyo ushahidi mkubwa, kwa sababu fuko anayepita kila siku hauachi mzizi hata mmoja umsumbue.

Kama mkono wako haujazoea, fanya jaribio. Fungua njia katika sehemu mbili au tatu asubuhi, mnamo saa tatu, usitege chochote, nenda ukapalilie. Fuko wetu hufanya kazi zaidi mchana, kuanzia katikati ya asubuhi hadi jua likikaribia kuzama. Rudi alasiri. Tundu lililozibwa kwa udongo mbichi lina mwenyewe, tega hapo. Lililobaki wazi hadi kesho yake, liache. Jaribio hili linakugharimu nusu siku, na linakuokolea siku tatu za kutazama mtego uliolala.

Chanzo cha pili ni kutega chini ya rundo lenyewe. Rundo ni mahali pa kutupia udongo tu. Kanjia kanakopanda hadi pale ni kafupi, na fuko akimaliza kutupa anakaziba na huenda asikapitie tena. Unachotaka ni njia kuu. Tafuta marundo mawili mapya zaidi, yale ambayo udongo wake bado ni mweusi na haujapigwa na mvua, kisha choma ardhi kati yake kwa chuma chembamba au fimbo iliyochongwa. Chuma kikishuka ghafla, kama shibiri moja chini, wakati mwingine na zaidi, umefika. Chimba taratibu kwa panga. Jembe linabomoa hatua nzima ya njia, na fuko akikuta uharibifu mkubwa hivyo huziba mbali na kuchimba njia ya kuzunguka.

Halafu kuna kosa ambalo watu wazima wenye uzoefu bado wanalifanya. Ukikata njia kuu katikati, umefungua midomo miwili, na hujui mwenyewe yuko upande gani. Ukitega mmoja tu, anakuja kutoka ule mwingine, anaziba, anaondoka. Tega miwili, kila mmoja ukiangalia upande wake. Kama una mtego mmoja tu, ziba mdomo wa pili kwa udongo ulioshindiliwa vizuri, siku moja jaribu upande huu, kesho yake upande ule.

Umejazwa udongo na uzi ni mzima

Hapa fuko alikuja, akafika, akafanya kazi yake yote bila kukutana na uzi. Kama umeichukia dalili hii, usiichukie tena, kwa sababu njia ni hai na mwenyewe yupo. Kilichobaki ni kusogeza vitu.

Chunguza udongo ulianzia wapi. Kama ameanza kuziba ndani zaidi ya kitanzi, mwanga na upepo viliingia mno, akahisi hatari mapema, akafunga mlango wa mbali. Pengine bati halijakaa sawasawa na kuna nyufa pembeni, au umeacha mdomo wazi kama mlango wa ghala. Funika bati kwa udongo, shindilia pembeni, na uache upenyo mdogo tu, wa kidole gumba, upande wa nje. Anapaswa kuhisi kuna tatizo, bila kuona kwamba dunia imefunguka.

Kama udongo umejaa hadi kwenye uzi na kuupita, ujue alikuja akisukuma udongo mbele yake. Fuko huchimba kwa meno ya mbele, lakini udongo uliokwisha kulegea huusukuma kwa kichwa na mabega. Rundo hilo linapofika kwenye uzi kabla ya meno, linaufunika, na hana sababu ya kuukata. Mara nyingi inatokea kwa sababu mtego umewekwa mdomoni kabisa, mahali ambapo angeziba tu. Uingize ndani zaidi, shibiri moja hadi moja na nusu kutoka mahali ulipofungua, ili aukute katika safari ya kwanza, ile ya kuja kuchungulia, kabla hajaenda kuleta udongo.

Tazama pia uzi wenyewe. Nimeona watu wakitumia uzi wa nailoni kwa sababu hauozi. Nailoni inateleza kwenye meno na inamkubalia asukume kando. Katani inakwaruza, inamkera, anaikata. Iwe nyembamba, iliyonyooka kabisa, na ishuke katikati ya njia. Uzi ulioshuka karibu na ukuta anaupita kama mtu anavyoupita mlingoti.

Je, harufu ya mkono wako inamfukuza? Wako wanaosugua mikono kwa udongo na majani ya viazi kabla ya kutega. Nami hufanya hivyo, kwa kuwa hakugharimu kitu, lakini sijawahi kuona mtego uliowekwa mahali pake ukakosa kwa sababu hiyo peke yake.

Umefyatuka, kitanzi ni kitupu

Uzi umekatwa, ufito umesimama, na hakuna kitu. Inauma kuliko zote, maana alikuwa pale pale.

Pima kwanza umbali kati ya uzi na kitanzi. Fuko mkubwa ana urefu wa shibiri moja hivi, kiwiliwili kinene, na shingo huioni. Meno yanapofika kwenye uzi, kitanzi kinapaswa kuwa nyuma ya miguu ya mbele, kwenye kifua. Kwangu hiyo ni vidole vinne vilivyounganishwa. Vikiwa viwili, waya unapita puani na kuchomoka, na utakuta manyoya machache tu yamebaki kwenye bati. Vikiwa saba au nane, unamshika kiunoni, anapinda na kujivuta hadi atoke.

Kisha tazama jinsi kitanzi kilivyolala. Kinatakiwa kifuate ukuta wa njia kote, kimezama kwenye mfereji mwembamba uliochorwa kwa ncha ya kisu. Kitanzi kinachoning'inia ndani ya njia husukumwa mbele na kichwa cha fuko kabla hajafika kwenye uzi, na kinapobana hakina kitu ndani yake.

Kama vipimo vyote viko sawa, lawama ni ya ufito. Watu hukata mkaratusi mchanga, unaruka vizuri siku ya kwanza, wanauacha umepindwa wiki nzima. Mti uliopindwa muda mrefu husahau kunyooka. Fyatua kila jioni mtego usiohitajika, na badilisha ufito mara unapouona umebaki na mgongo. Jaribu nguvu yake kabla ya kutega: weka bua bichi la hindi kwenye kitanzi, kata uzi kwa kisu. Ukiweza kulichomoa bua hilo kwa mkono mmoja, fuko naye atachomoka. Na msingi wa ufito uzame shibiri mbili ardhini. Udongo wetu wa Molo baada ya mvua ni kama uji, ufito uliochomekwa juu juu unainama badala ya kuvuta.

Kuna pia wale wanaotega bila bati, kitanzi kikivuta moja kwa moja kwenye dari ya udongo. Katika ardhi ngumu ya kiangazi inawezekana. Katika shamba lililolimwa, waya unakata dari na kupanda nao, fuko anaanguka chini na kwenda zake.

Waya umekatika

Kutu, au mkunjo. Waya wa kufungia vyuma vya ujenzi ni rahisi kupata lakini ukishakunjwa mara chache unakatika mahali pale pale palipokunjwa. Mimi hutumia nyuzi chache zilizochambuliwa kutoka kwenye kebo ya breki ya baiskeli, nikazisokota pamoja. Ni laini, zinateleza, na hazikatiki. Zipake mafuta kidogo baada ya msimu.

Unafyatuka wenyewe usiku

Kamba ya katani ikinyonya maji hunenepa na kufupika. Umetega saa tisa alasiri jua likiwaka, mvua inanyesha saa mbili usiku, kamba inajivuta, na kigingi kilichopigwa kwenye udongo uliolegea kinang'oka. Loweka kamba kwanza, uifunge ikiwa mbichi. Ikikauka italegea kidogo na ufito utalimeza lile pengo. Kigingi nacho kikate kirefu, chenye kikono ubavuni, ukipige kwa mshazari dhidi ya mvuto.

Kama hapakuwa na mvua, angalia nyayo. Kuku wanapenda sana udongo uliochimbwa, na mbwa hunusa fuko akaanza kufukua. Matawi ya miiba juu ya mtego yanatosha. Watoto waambie kwa maneno na uwaonyeshe ulipo, usiwafiche, maana kinachofichwa ndicho wanachokitafuta.

Umemkuta hai

Hili lisikutokee mara mbili. Mtego mzuri unamaliza kazi kwa sekunde chache. Mnyama anayeshinda amebanwa kutoka asubuhi hadi jioni anateseka, na anateseka kwa sababu ufito wako ni dhaifu au kitanzi kimemshika mahali pasipofaa. Mpige kichwani kwa kitu kizito, mara moja, bila kusitasita. Usimshike kwa mkono mtupu, meno yanayokata mzizi wa mti hayashindwi na kidole. Kisha rudi kwenye jaribio la bua la hindi. Ukitega, uwe na nafasi ya kuutembelea mtego walau mara mbili kwa siku. Kama unasafiri kwenda Nakuru mjini na hutarudi hadi kesho kutwa, ufyatue uondoke.

Umemkamata, lakini viazi bado vinaliwa

Mara nyingine jibu ni kwamba walikuwa wawili. Kila mmoja ana mahandaki yake, hivyo marundo yaliyo kwenye kona nyingine ya shamba ni ya mwingine, na kumkamata huyu hakumgusi yule. Chora ramani ya shamba kwenye karatasi, weka alama kila rundo jipya kwa wiki moja, na utaona vikundi vinavyojitenga. Sehemu inayopakana na nyasi za nepia itazame kwanza. Mizizi ya nepia inamlisha hadi viazi vikianza kutunga.

Sababu nyingine ni mrithi. Nyumba iliyo tayari haikai tupu, na fuko wachanga wanaomwacha mama yao wanatafuta pa kuingia. Ninaona wengi zaidi baada ya msimu wa mvua.

Lakini wakati mwingine mhalifu si fuko kabisa, na hapo utatega hadi uchoke. Fuko hula kutoka chini. Mmea unaanguka au unavutwa ndani, kiazi kinatoweka chote au kinabaki ganda, na juu hapajachimbwa. Ukikuta mashimo yamefukuliwa kutoka juu usiku, vipande vya viazi vimetapakaa, na pengine mwiba mmoja mweusi kwa mweupe, huyo ni nungunungu. Mashina yaliyokatwa usawa wa ardhi huku viazi havijaguswa ni kazi ya funza wakataji, fukua kidogo hapo hapo utamkuta amejikunja. Jamaa yangu anayelima upande wa Mlima Elgon aliwahi kunieleza kuhusu mistari ya udongo ulioinuka juu juu kama mshipa, bila kiazi kuliwa. Huko kuna fuko-dhahabu, kadogo, manyoya yanang'aa, macho wala mkia havionekani. Kanakula minyoo na wadudu. Hakana deni na wewe, kaache.

Kuhusu nungunungu, watu huniuliza kama wanaweza kutumia kitanzi hikihiki kikubwa zaidi juu ya ardhi, au kumtafuta mtu mwenye bunduki. Hapana kwa yote mawili. Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, sheria ya wanyamapori ya 2013 ni kali juu ya mitego, na waya uliotandazwa kwenye njia hauchagui kati ya nungunungu, paa na mbwa wa jirani. Piga ripoti kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na weka ua uliozama ardhini.

Na sumu? Najua bei ya viazi ikipanda mtu anaona kila mche uliolala kama noti iliyochanika. Lakini fuko aliyekula chambo chenye sumu huenda akafia juu, na yuko mwewe wa milima hii, yule wa kifua cheupe na mkia wa rangi ya kutu, anayekaa kwenye nguzo za ua akingoja fuko achungulie. Huyo anakamata bila kulipwa. Bundi naye, na paka wako. Ukiwaua hao, msimu ujao utabaki wewe peke yako na ufito wako. Chambo kingine kinabaki ardhini kati ya viazi utakavyochimba kwa mikono.

Ukishamtoa fuko, usiondoke na kuacha njia ilivyo. Toa mtego, acha mdomo wazi siku mbili. Ukizibwa, kuna mwingine, rudisha mtego mahali pale pale. Ukibaki wazi, bomoa njia kwa jembe hatua tatu kila upande, ushindilie kwa miguu, kisha sawazisha marundo yote ya zamani kwa reki hadi shamba liwe tambarare. Rundo litakalotokea baada ya hapo litakuwa jipya, na utaliona siku hiyohiyo.